Abi Kunzes na Hapana ya Stesheni Masta

Inatangazwa kwa wakazi wote wa wilaya ya Zanskar, walio mabondeni na walio malishoni, kwa watawa wanaosali na wanaosinzia kwa sura ya kusali, na kwa yeyote anayekusudia kutufikia kabla theluji haijafunga njia: hapa Kyalbok yupo mwanamke ambaye hajawahi kukataliwa chai. Jina lake ni Kunzes. Mataifa mengine yana majeshi, sisi tuna birika lake. Tunamwita Abi, yaani bibi, na tukitaka kitu tunaongeza “le” ya heshima mwishoni: Abi-le. Yeye akitaka kitu haongezi chochote. Anamimina tu.

Tuanze na njia, maana kila mtu huuliza njia. Njia bora ya kufika Zanskar ni kuzaliwa huku. Ikiwa umeshakosea hapo, panda ndege hadi Leh, lala ukiumwa kichwa, halafu tafuta gari la kwenda Kargil, na ukifika Kargil tafuta dereva atakayekuapia kwamba Padum ni karibu tu. Kwetu “karibu tu” si umbali, ni pole. Mtapanda kipito cha mlimani kiitwacho Pensi La, ambako mto wa barafu umelala kando ya barabara kama ulimi wa ng'ombe mgonjwa, na juu kabisa dereva atashuka kukojoa na kuomba dua, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Padum ndio mji wetu mkuu. Una maduka, una soko, una mbwa wanaolala katikati ya barabara na hawahami kwa mtu asiye na cheo. Kyalbok iko mbele ya hapo, ng'ambo ya daraja ambalo ukilivuka ni vizuri utazame mbele.

Majira ya baridi njia ni fupi zaidi. Haipo.

Sasa nieleze adabu, maana bila adabu hadithi hii ni ya kikongwe na maziwa tu. Mtu aliyelelewa vizuri kwetu hapokei chai anapopewa. Mbwa ndiye anayepokea anapopewa. Mtu hukataa. Husema hapana, hufunika kikombe kwa kiganja, hudai ameshakunywa kwa jirani, na akiona hali ngumu husimama kabisa na kuondoka, na mwenye nyumba humfuata na kumvuta kwa mkono wa koti. Nguo nyingi za harusini kwetu zimechanika mabegani, na wenyewe huzionyesha kwa fahari. Mjomba wangu aliwahi kukimbizwa hadi katikati ya shamba la njegere na mama mwenye nyumba, huku wanatukanana kwa upendo, na aliporudishwa alikunywa kama mtu aliyetolewa jangwani. Hapana ya kweli kwetu haisemwi kwa mdomo. Asiyetaka chai haji.

Katika mchezo huo Abi Kunzes hana mpinzani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwake mwenyeji hupona na mgeni huugua. Alimfuata mtu wa chanjo hadi kijiji cha pili, akamnywesha yeye na mnyama aliyebeba masanduku. Gari la askari liliwahi kupita bila kusimama, naye akawamiminia likiwa kwenye mwendo, na wawili kati yao mpaka leo humtumia salamu za mwaka mpya.

Aliletwa Kyalbok bi harusi, juu ya farasi wa kuazima, akaolewa na ndugu wawili wa tumbo moja kama ilivyokuwa desturi ya enzi zake, ili shamba lisigawanywe. Mume mkubwa alichunga, mume mdogo aliimba, na watoto wakawaita baba mkubwa na baba mdogo bila kuulizana maswali. Barabara ilipoanza kuchongwa, yeye alikaa kando yake miaka mingi na nyundo mkononi, akivunja mawe makubwa kuwa madogo, mtoto mgongoni. Ndiyo maana anaiona barabara hiyo kama jamaa mkorofi wa ukoo: anailaani mwenyewe, lakini mgeni akiilaani humwongezea siagi kwenye chai mpaka anyamaze.

Waume wote wawili wamekwenda. Wanawe wako Leh na Jammu, wanatuma salamu. Aliyebaki naye ni mjukuu wake Targais, fundi wa umeme wa jua, kijana wa mikono mizuri na maneno machache, ambaye kila theluji ikianguka hupanda na koleo kuiondoa juu ya paa la bibi yake kabla halijawaangukia.

Targais alijifunzia ufundi huo Nagpur, bondeni kabisa, mahali ambapo kwa habari tulizonazo jua huchoma hata kivuli. Akarudi na vyeti, nyaya na huzuni. Huzuni hiyo iliitwa Mrunal, mwalimu wa hesabu. Walikuwa wameshakubaliana wenyewe. Baba wa binti hakuwa amekubali. Alikuwa stesheni masta mstaafu, Bwana Shirish Paranjape, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa filimbi na ratiba, na binti alikuwa wake wa pekee. Akasema kabla ya kutoa neno atakwenda kupaona kwa macho yake.

“Anakuja,” Targais alimwambia Abi, akiwa amepauka.

“Basi ameshakubali,” Abi akasema, akaenda kutafuta siagi.

Alifika mwishoni mwa mavuno, shayiri imeshafungwa na wingu limeanza kukaa vibaya mlimani. Baadaye alinisimulia mwenyewe jinsi pale Kargil alivyouliza gari linaondoka saa ngapi.

“Likijaa,” akajibiwa.

“Na litajaa lini?”

“Tukiondoka.”

Aliuliza kila penye watu ni umbali gani, akaambiwa karibu tu. Akaambiwa karibu tu chini ya mlima, karibu tu juu ya mlima, na karibu tu kwenye kona ambayo gari lilipata pancha, wakakaa hapo mpaka jua likazama. Alishuka kwetu na uso wa rangi ya majani ya kabichi, kofia ya sufu masikioni, mkoba kifuani. Mimi niliwekwa kuwa mkalimani, kwa kuwa nilikaa chuo kikuu Jammu muda wa kutosha kujifunza Kihindi, ingawa si muda wa kutosha kujifunza kingine.

Akakalishwa juu kabisa ya safu ya wazee waliokaa sakafuni, karibu na jiko la chuma, mahali pa heshima na pa kuungua. Abi akafungua sanduku, akatoa kikombe cha mti kilichofunikwa fedha kwa ndani, ukingo wake umelainishwa na midomo ya watu waliokwishakufa. Kilikuwa cha mama yake. Hutoka kwa ajili ya lama, mkuu wa watawa, na kwa ajili ya wakwe. Akakijaza.

“Hapana, asante,” akasema Bwana Paranjape.

Wazee kwenye safu wakatazamana. “Ana adabu,” akanong'ona Meme Ishey, babu yetu mkuu wa kijiji. “Nilisikia watu wa bondeni hawana.”

Kwa unyonge wa safari mgeni akanywa funda moja, akitegemea sukari. Akakutana na chumvi na siagi. Sitaueleza uso wake, nina heshima kwa wazee. Alipokitua kikombe kilikuwa kimeshajaa tena, maana Abi haoni nafasi tupu akaiacha.

“Mwambie sitaki,” akaniambia.

“Abi-le, anasema hataki.”

“Nimesikia,” akasema Abi, akimimina. “Amelelewa vizuri huyu.”

“Amesemaje?”

“Anasema umelelewa vizuri.”

“Mwambie nina ugonjwa wa sukari.”

Nikamwambia.

“Basi imemfaa,” Abi akasema. “Hii ni ya chumvi.”

Nikajaribu kumsaidia. Nikamweleza kwamba kukataa kwake kunawafurahisha sana, kwamba huku mtu hukataa kwanza.

“Ndicho ninachofanya,” akasema. “Ninakataa.”

“Ndiyo, mzee, lakini unakataa kwa kumaanisha.”

“Kuna kukataa kwa namna nyingine?”

Akafunika kikombe kwa kiganja. Safu nzima ikanguruma kwa kuridhika.

Akatembezwa kijijini siku kadhaa. Akaona shule, akaona mashine ya kusaga inayosukumwa na maji, akaona taa za sola za Targais kwenye kila paa, hata paa la zizi la Meme Ishey, ambaye anashikilia kwamba ng'ombe wake huogopa giza. Kijana hakuthubutu kumsemesha. Kwetu mposaji hana mdomo mpaka wazee wamalize. Kazi yake ni kukaa jikoni na kupuliza moto. Stesheni masta alimtazama akipuliza, na nadhani alimpenda. Lakini kila jioni alisimama kwenye paa akiitazama milima iliyotuzunguka kama mtu anayetafuta mlango ndani ya chumba.

Halafu ikaja siku ya posa. Desturi inataka sisi twende kwao na mtungi wa pombe ya shayiri. Lakini kwao ni mbali kwa treni, na pombe yetu haipendi treni, kwa hiyo tukamposea hapo hapo, jikoni kwetu. Lama akasema mradi siagi iliyopakwa kwenye mdomo wa mtungi ni mbichi, miungu haitaangalia anwani. Upande wa binti ukiigusa pombe hiyo, binti ametolewa. Meme Ishey akavaa joho lake la harusi za watu, akasimama na kitambaa cheupe cha heshima mikononi, akaomba kwa maneno marefu yenye farasi, maua na vilele vya theluji, ambayo niliyatafsiri kwa ufupi: “Wanamtaka binti yako.”

Bwana Paranjape akasimama. Kikombe kile cha fedha kilikuwa bado mkononi mwake, kiganja juu, kama alivyozoea sasa.

“Nitasema wazi,” akasema. “Kijana ni mzuri. Ninyi ni watu wema. Lakini sitamtoa mwanangu aje huku. Hapana.”

Nikatafsiri kila neno. Kisha ndimi zikaanza kugongwa, kama watu wakiona farasi mzuri.

“Sikieni hiyo,” akasema Meme Ishey.

“Mambo ya zamani hayo,” akasema mama mmoja, akifuta jicho kwa ncha ya shali. “Marehemu baba alinikatalia hivyo hivyo, maskini, na sauti hiyo hiyo.”

“Muombe tena, Meme. Muombe tena, tumsikie.”

Meme akaomba tena.

“Hapana,” akasema stesheni masta. “Hata mkinifungia humu.”

“Aaa,” wakasema wazee wote, na mmoja akampiga mwenzake gotini kwa furaha.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Targais aliinuka kutoka kando ya moto na majivu usoni, akavunja desturi. “Abi,” akasema, “mimi nimekaa kwao. Huyu anamaanisha.”

Abi hakugeuka. “Puliza moto,” akamwambia.

Hapo Bwana Paranjape akatazama huku na huku, akaona watu wote wanamtabasamia, akatoka. Hivyo hivyo, bila koti. Akashuka ngazi, akapita zizi, akashika barabara ya kwenda juu.

“Hata kuondoka anajua,” akasema Meme Ishey kwa heshima.

Tukajazana dirishani. Mtu mwenye adabu akiondoka hupunguza mwendo langoni. Hufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka, hutazama mbingu, humpa mwenye nyumba nafasi ya kumfikia. Tukamngoja afunge kiatu. Akapita lango. Tukamngoja kwenye mfereji. Akauruka. Alipoupita ukuta wa shamba la mwisho hakuna aliyekuwa akitabasamu tena, na theluji nyepesi ilikuwa imeanza. Targais alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, akiitazama mikono yake.

Abi akachukua chupa ya chai, akaiweka kwapani, akatoka. Nikamfuata.

Ulikuwa ukimbizano wa polepole kuliko wote niliowahi kuona. Mbele mtu wa bondeni asiye na pumzi, nyuma kikongwe asiye na magoti. Akisimama yeye kuhema, Abi naye anasimama kusugua goti, kwa hiyo umbali ulibaki vile vile. Mwishowe stesheni masta aliketi kwenye ukuta wa mawe ya sala, hapo barabara inapoanza kupinda kuelekea mlimani, kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamemaliza hoja. Abi akafika. Akaketi kando yake. Wakahema pamoja kwa muda, kila mmoja akijifanya anatazama mandhari.

“Mwambie nina swali moja,” akasema stesheni masta. “Na asinijibu karibu tu.”

Nikamwambia.

“Mrunal akiugua huku katikati ya baridi, mimi nitafikaje?”

Nikaanza kuandaa tafsiri tamu ya jibu ambalo Abi hakuwa ametoa bado. Hakunipa nafasi.

“Hutafika,” akasema.

Nikalitafsiri. Alikuwa ameshalielewa.

“Na helikopta?”

“Huja. Siku unayoihitaji kuna wingu.”

“Na mama yake akiugua kule, Mrunal atatokaje?”

Abi akafikiri. “Mto ukiganda watu hutembea juu ya barafu. Waume zangu wote wawili walitembea.” Akapangusa theluji kwenye sketi. “Mkubwa alifika.”

Stesheni masta akageuka kukitazama kijiji. Chini yetu moshi wa jikoni kwetu ulikuwa unapanda wima, Targais alikuwa ameanza tena kupuliza.

“Tangu Kargil,” akasema hatimaye, “wewe ndiye mtu wa kwanza kunipa jibu ambalo naweza kulipangia treni.”

“Kwa nini wakae huku baridi?” Abi akauliza, kama mtu aliyechoka kusubiri wenye akili wafike. “Nani amesema? Baridi huku wanaume hucheza kete, na wanawake hufuma soksi wakiwasikiliza wakidanganyana. Wachukue njia ikikaribia kufungwa. Theluji ikiyeyuka nirudishie. Wote wawili, nasema. Usije ukanirudishia mmoja.”

Stesheni masta alimtazama. Alikuwa ameliona koleo la Targais juu ya paa, akaambiwa kazi yake, na mzee wa stesheni hasahau kazi ya mtu. “Na paa lako, mama? Nani ataliondolea theluji?”

“Mimi.”

“Na ukishindwa?”

“Litaanguka,” akasema Abi. “Paa hilo lina umri wangu. Tutatazamana, tuone nani ataanza.”

Akafungua chupa ya chai. Stesheni masta akasema hapana. Lakini mara hii kiganja chake kilikuwa chini ya kikombe, si juu yake, na Abi akakijaza mpaka ukingoni. Akanywa chote. Uso wake ulipita pale pale ulipopita siku ya kwanza, ila haukukaa.

Tukashuka sote watatu taratibu. Hanywi pombe yule mzee, na hakuinywa. Akachovya kidole cha pete kwenye mtungi, akarusha matone hewani mara tatu, kama wafanyavyo watawa wetu wasiokunywa hadharani. Hilo linatosha. Meme Ishey alilia kwa sauti, kisha akainywa ile iliyobaki ili isipotee.

Harusi ikawa kiangazi kilichofuata, njia ilipofunguka. Mrunal alikuja na shangazi zake wote, kila mmoja na maumivu ya kichwa ya aina yake. Siku ya kwanza Abi alimmiminia chai, na Mrunal akakataa, akafunika kikombe, akadai ameshakunywa Padum, akasimama, akaondoka hadi langoni na kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Alikuwa amefundishwa na baba yake. Shali yake ilichanika begani, na alilia kwa furaha, au kwa ajili ya shali, sikuuliza.

Kwenye karamu Meme Ishey alisimama, akashika kitambaa cheupe, akasema kwamba ukoo wa Kyalbok umetoa watawa, wachungaji na fundi mmoja, lakini kichwa kama cha Kunzes bado. Sisi sote, akasema, tulimwona mgeni akipita lango na akipita mfereji, tukakata tamaa. Kijana mwenyewe alikata tamaa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeona ndani ya moyo wa mtu wa mbali, akalisikia ndiyo lililojificha nyuma ya hapana, akaenda kulifuata kwenye theluji kwa magoti yale. Vizazi vijifunze. Kisha akamgeukia, akainama mpaka joho likagusa vumbi.

“Abi-le, tuambie mbele ya watoto hawa. Ulijuaje kwamba umfuate?”

Abi alikuwa anapangusa vyombo kwa aproni yake.

“Alikuwa ameondoka na kikombe changu,” akasema.